Lubumbashi: swali la kwanza la pari si timu gani, ni pesa ngapi

Jumamosi mchana, katikati ya komini ya Lubumbashi, mazungumzo ni mamoja tu. Kuanzia upande wa Posta hadi kwenye barabara zinazoelekea soko, vijana wanasimama na karatasi ndogo mkononi, wengine na simu, wakilinganisha timu za Ulaya. Mmoja anasema timu fulani haiwezi kufungwa nyumbani kwake. Mwingine anajua mshambuliaji gani ameumia goti. Wa tatu ana orodha ya michezo kumi ambayo, kwa maneno yake, "haina shida". Ujuzi wao wa mpira ni mkubwa, na hakuna sababu ya kuudharau. Lakini mtu akiwasikiliza saa nzima, kuna swali moja ambalo hatalisikia: kila mmoja anaweka pesa ngapi, na kwa nini ni kiasi hicho?

Kwa wengi jibu linatoka mfukoni, si kichwani. Kilichopo ndicho kinachowekwa. Siku ya mshahara ni franka 20 000, siku ya ukavu ni 1 000. Tiketi ya leo ikiungua, ya kesho inakuwa kubwa zaidi ili kurudisha ya jana. Timu inachaguliwa kwa akili, pesa inachaguliwa kwa hasira. Na hapo ndipo vinapotea minervali ya watoto, pesa ya nyumba na mtaji wa biashara ndogo. Si kwa sababu mtu hakujua mpira, bali kwa sababu hakuchagua kiasi.

Wapo wachezaji ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni kujibu swali hilo. Ni wale wa mashindano ya poker, mchezo wa karata ambao wakaaji wengi wa Lubumbashi wanaujua kupitia filamu na simu. Mashindano yao yenye sifa kubwa yanachezwa Las Vegas, Marekani, tangu mwaka 1970, na kiingilio cha mchezo mkuu ni dola 10 000. Kila mmoja analipa kiingilio kilekile, anapewa jetoni kwa hesabu ileile, na akizimaliza anasimama na kuondoka. Wanaobaki mwisho ndio wanagawana zawadi. Katikati ya mchezo jetoni hizo si pesa: hakuna anayeweza kuziinua na kwenda kuzibadilisha kwa dola. Kazi yake ni moja, kumweka mtu ndani ya mchezo.

Kwa sababu hiyo, mchezaji mzuri hatazami uzuri wa karata zake peke yake. Anatazama vitu vitatu: kilicho katikati ya meza, kilichobaki mbele yake, na hali atakayokuwa nayo akishindwa.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Tuseme katikati ya meza kuna jetoni 1 000, na mchezaji anataka kuwatisha wenzake watupe karata zao. Akiweka 500, inatosha afaulu mara 1 kati ya 3 ili asipate hasara. Akiweka 1 000, anapaswa kufaulu nusu ya mara. Akisukuma 10 000 kwa ajili ya zile zile 1 000, anapaswa kufaulu mara 10 kati ya 11. Karata hazikubadilika, wala zawadi iliyoko katikati haikubadilika. Kilichobadilika ni kiasi tu, na kiasi hicho kimemlazimisha awe sahihi karibu kila mara. Mwenye kuweka kingi kupata kidogo amejinyima haki ya kukosea.

Hesabu ya pili ni nzito zaidi. Tuseme mashindano yamebaki na watu watatu, kila mmoja ana jetoni 10 000. Zawadi ya kwanza ni dola 500, ya pili 300, ya tatu 200. Kwa kuwa wako sawa, jetoni za kila mmoja zina thamani ya dola 333 hivi. Sasa mmoja anataka kusukuma zote dhidi ya mwenzake, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Akishinda, mwenzake anatoka, naye anabaki na jetoni 20 000 mbele ya mtu mwenye 10 000. Nafasi yake ya kuchukua zawadi ya kwanza sasa ni mara 2 kati ya 3, kwa hiyo thamani ya jetoni zake inafika dola 433. Jetoni zimeongezeka mara mbili, lakini thamani imepanda dola 100 tu. Akishindwa, anatoka na dola 200: amepoteza 133. Mchezo ambao kwa macho ulikuwa sawa kwa sawa, kwa hesabu ulikuwa na hasara. Ili usimle, anapaswa kushinda mara 57 kati ya 100.

Hiyo ndiyo siri ambayo kila mcheza mashindano anaijua na ambayo kwenye vibanda vya pari haisemwi: jetoni inayopotea ina uzito kuliko jetoni inayopatikana. Na jetoni ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu nyuma yake hakuna nyingine.

Wapenzi wa poker wanapenda kusimulia habari ya Jack Straus, bingwa wa Las Vegas wa mwaka 1982. Inasimuliwa kwamba alisukuma jetoni zake, akashindwa, akasimama kuondoka, ndipo akaona jetoni moja imebaki mezani bila yeye kujua. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, aliruhusiwa kuendelea, na kutoka jetoni ile moja alishinda mashindano mazima. Wengi wanaisimulia kama habari ya muujiza. Lakini mtu akiitazama vizuri, ni habari ya kiasi. Kilichomwokoa hakikuwa zile jetoni alizoweka kwa moyo wote. Ilikuwa ile moja ambayo hakuiweka.

Sasa turudi Lubumbashi. Mama anayeuza makala ana mtaji wa dola 100. Mtoto wake, ama mume wake, ama yeye mwenyewe, anaziweka zote kwenye mchezo wa nusu kwa nusu. Zikirudi 200, nyumbani kutakuwa na simu mpya na nyama juu ya bukari kwa siku chache. Zisiporudi, hakuna gunia la kesho, hakuna faida ya juma lijalo, na wateja wake wamekwenda kwa jirani. Dola 100 za kushinda na dola 100 za kupoteza zimeandikwa kwa namba moja, lakini si kitu kimoja. Yule mama yuko kwenye mashindano, na mtaji ndio jetoni zake. Ukiisha, ameondoka mezani.

Mji huu unalijua jambo hilo kuliko wanahesabu. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja akipewa kiasi chake mara moja, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Hawakuwa wacheza kamari. Walikuwa baba wa nyumba waliokaa muda mrefu bila mshahara. Lakini familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zinakumbuka fundisho la siku zile: pesa inayoingia mara moja bila nyingine kuifuata haihesabiwi kama mshahara. Kila noti inayotoka haina dada yake nyuma. Mtu mwenye mshahara wa kila mwezi akikosea, mwezi ujao unamnyanyua. Mtu mwenye fungu moja tu akikosea, amekosea kwa miaka.

Kuna tofauti moja kati ya poker na pari ya mpira, na tofauti hiyo inazidisha uzito wa swali. Kwenye meza ya poker wachezaji wanachukuliana wao kwa wao. Mwenye ujuzi anaweza kumshinda asiye nao. Kwenye pari, mpinzani ni nyumba yenyewe, nayo imekwisha kukata sehemu yake kabla mpira haujaanza. Mfano: mchezo wenye majibu mawili yaliyo sawa kabisa, mabao mengi ama machache. Bei ya haki ingekuwa mara 2,00 kila upande. Nyumba ikitoa 1,88 kila upande, maana yake katika kila franka 100 zinazowekwa, kwa wastani zinarudi 94. Sita zinabaki dirishani, hata timu ipi ishinde.

Sita kwa mia inaonekana kidogo. Lakini wengi hawachezi mchezo mmoja. Wanafunga michezo mitano ama kumi kwenye tiketi moja, kwa sababu namba ya malipo inapendeza. Hapo ule mkato unajizidisha wenyewe. Kwa michezo mitano, katika franka 100 zinarudi kwa wastani 73. Kwa michezo kumi, zinarudi 54. Michezo kumi yenye bei ya 1,50 kila mmoja inaahidi kulipa mara 57, na ndiyo namba inayoandikwa kwa wino mkubwa. Lakini kwenye michezo ya namna hiyo, kila mmoja una nafasi ndogo kuliko mara 2 kati ya 3, na yote kumi inapaswa kupita pamoja. Kwa wastani, tiketi kama hiyo haipiti hata mara 2 kati ya 100. Kijana anayeweka franka 2 000 kila siku kwenye tiketi za namna hiyo ameweka franka 730 000 kwa mwaka. Kwa hesabu ileile, franka 335 000 hivi zinabaki kwa nyumba. Na huo ni wastani: wachache wanapata kikubwa, walio wengi wanapoteza kuliko hapo.

Kisha kuna ile dawa ambayo kila kibanda kina mtu wa kuifundisha: kupoteza 1 000, kuweka 2 000, kupoteza tena, kuweka 4 000, na kuendelea mpaka siku moja irudi yote. Inaonekana haiwezi kushindwa. Lakini baada ya kupoteza mara sita mfululizo mtu amekwisha kutoa franka 63 000, na tiketi ya saba inamdai 64 000, yote hiyo ili apate faida ya franka 1 000. Kwenye michezo ya karibu nusu kwa nusu, kupoteza sita mfululizo kunatokea mara 1 hivi kati ya 50. Anayeianza dawa hiyo kila siku haitachukua muda mrefu kukutana na siku hiyo. Na siku hiyo ndiyo ataingiza mkono kwenye pesa ambayo si yake: ya likelemba, ya tajiri wa kazi, ya minervali.

Mwaka 1956, mtafiti mmoja wa Marekani, John Kelly, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara za kampuni ya simu, aliandika hesabu ya kiasi ambacho mtu anapaswa kuweka ili mali yake ikue bila kufilisika. Jibu lake linashangaza kwa udogo wake. Kwenye mchezo unaolipa sawa kwa sawa, mtu mwenye uhakika wa kushinda mara 55 kati ya 100 hapaswi kuzidisha sehemu ya kumi ya mali yake ya mchezo. Mwenye uhakika wa mara 60, asizidi sehemu ya tano. Na asiye na nafasi kuliko nyumba aweke nini? Hesabu inajibu: sifuri. Kwa anayetafuta kukuza mali, mbele ya bei ambayo imekwisha kukatwa, kiasi sahihi ni kutoweka kitu.

Atakayesema kwamba anaujua mpira kuliko nyumba akumbuke Desemba 2010. Tarehe 14 mwezi huo, kule Abu Dhabi, TP Mazembe iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2-0, kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Lubumbashi haikulala. Kabla ya siku ile, Internacional, bingwa wa Amerika Kusini, ndiyo ilikuwa ile timu "isiyo na shida". Siku nne baadaye, tarehe 18, Mazembe ilifungwa 3-0 na Inter Milan. Mtu ambaye angeweka yote kwa Internacional angeondoka mikono mitupu. Mtu ambaye angeiamini Mazembe, akashinda, kisha akarudisha yote kwenye fainali kwa ajili ya mapenzi, naye angeondoka mikono mitupu vilevile. Mmoja alikosea timu, mwingine alipatia timu. Wote wawili walikosea kiasi.

Kuna jibu ambalo vijana wanalitoa, na linastahili kusikilizwa. Wanasema kazi hakuna, mtaji hakuna, na franka 1 000 haiwezi kufungua biashara. Basi tiketi ndiyo mlango pekee ulio wazi. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, na wakubwa wa mji na wa jimbo hawapaswi kuyakimbia. Lakini mlango huo una mlinzi anayetoza kila anayepita, na wale wasio na kitu ndio wanaotozwa kwa uzito zaidi, kwa sababu wanachopoteza ni jetoni yao ya mwisho. Franka 1 000 moja haifungui biashara, ni kweli. Franka 1 000 ya kila siku kwa miezi mitatu ni franka 90 000, na mama wengi wa soko walianza na kidogo kuliko hapo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hakina nyumba inayokata sita kwa mia.

Kukataza peke yake hakutasaidia. Simu imeingia kila mfuko, na aliyefukuzwa kibandani atacheza kitandani. Kinachowezekana leo ni kulirudisha swali la kiasi mahali pake, yaani mbele.

Kwa anayecheza, njia iko wazi. Kiasi kichaguliwe nyumbani, si dirishani, baada ya bukari, nyumba, dawa na minervali kutengwa. Kihesabiwe kama kiingilio cha kwenda uwanjani Kamalondo kutazama mpira: pesa iliyokwisha kutumika kwa furaha, ambayo ikirudi ni zawadi. Kiwe kilekile kwa kila tiketi, iwe jana imeungua ama imepita. Pesa ya mwingine isiguswe. Na mtu mmoja wa nyumba, mke, mume ama mkubwa wa familia, akijue kiasi hicho. Kiasi ambacho mtu anaona haya kukitamka mbele ya mke wake ni kikubwa mno.

Kwa wenye nyumba za pari, lipo la kufanya pia. Wanaoandika kwa wino mkubwa kwamba tiketi inalipa mara 57 waandike kwa wino huohuo ni mara ngapi kati ya 100 tiketi ya namna hiyo inapita. Kwenye simu, mchezaji apewe nafasi ya kujifungia kiasi cha juma, na kisifunguliwe kabla ya juma kuisha. Na mwanafunzi mwenye shati jeupe na suruali ya bluu hana anachotafuta mbele ya dirisha la pari. Ofisi ya komini na meri ya mji wana watu wa kupita kwenye vibanda kutoza kodi. Watu haohao wanaweza kutazama ni nani amesimama kwenye mstari.

Mcheza poker wa Las Vegas na muuza makala wa Lubumbashi hawajuani, lakini wanashikilia kanuni moja. Asiye na jetoni hachezi tena, hata akiwa na akili kuliko wote waliobaki mezani. Jumamosi ijayo vijana watasimama tena upande wa Posta na kubishana kuhusu nani atafunga na nani atafungwa. Wabishane, mpira ni wao. Lakini kabla mmoja wao hajanyoosha mkono dirishani, rafiki wa kweli ni yule atakayemuuliza: umeweka ngapi, na zimebaki ngapi nyumbani?